Kufuli la Mama Mwingine

Kufuli lilikuwa baridi. Mwezi wa sita Multan, saa nne asubuhi, chuma chochote kilichoachwa juani hukuunguza mpaka ukapiga kelele, na Tasnim alikuwa amejizungushia ncha ya mtandio vidoleni tayari kwa moto huo. Alipolishika, ubaridi ukampanda mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyetia mkono kisimani. Akaliachia.

"Vipi tena?" akauliza mama mkwe wake, Mai Hajran, aliyesimama nyuma yake na mtoto begani. "Limekuuma?"

"Hapana, mama. Nadhani silo."

"Silo vipi? Si ulisema safu ya chini, karibu na kona? Kona ndiyo hii na safu ya chini ndiyo hiyo. Tia ufunguo, mwanangu, mtoto anachemka hapa kama chai."

Mtoto ndiye aliyewaleta. Tasnim alikaa miaka saba katika ndoa kule Layyah bila kushika mimba, na katika miaka hiyo hakuna dawa ambayo hakunywa wala neno ambalo hakuambiwa. Mwaka wa saba mumewe, Ghulam Yasin, fundi wa pampu za maji, akampandisha basi mpaka kwetu Multan, kwenye kaburi la Pir Hatim Shah. Pale mtu mwenye haja hununua kufuli langoni, akalifunga kwenye wavu wa chuma ulio ubavuni mwa kaburi, akamweleza walii shida yake, akaondoka na ufunguo. Akijaliwa, sharti arudi alifungue mwenyewe. Tasnim alijaliwa mwaka ule ule. Mtoto wa kiume wakamwita Hatim Bakhsh, yaani zawadi ya Hatim, na nyumbani akawa Bakhshu. Sasa alikuwa na miezi minane, ameanza kutambaa, na nywele alizozaliwa nazo zilikuwa hazijaguswa na wembe. Wamekuja kwa siku mbili: Alhamisi kufungua kufuli na kuzuru mji, Ijumaa kumnyoa pale kaburini na kupikia maskini chungu cha wali. Baada ya hapo, nyumbani.

Kufuli la Tasnim alikuwa amelifunga uzi mwekundu. Lakini makufuli yalikuwa mamia, na nyuzi zote jua lilikuwa limezilamba zikawa nyeupe. Hili alilolishika aliona pia kwamba limening'inia ovyo, tundu la ufunguo likitazama juu. Hakulitilia maanani.

Akatia ufunguo. Ukazunguka kwa ulaini, kana kwamba kuna mtu aliyelipaka mafuta jana.

"Umeona!" Mai Hajran akacheka. "Miaka saba tumbo lilikataa kufunguka, leo unataka na kufuli likushinde?"

Tasnim akacheka kidogo kwa adabu. Nyuma ya wavu ule kuna chumba chembamba kisicho na mlango, chenye makaburi matatu ya zamani yasiyo na majina, na humo ndani kuna giza hata mchana. Wakati kufuli linafunguka alisikia humo mtu akishusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja. Halafu ikamjia harufu ya maziwa yaliyochemka yakamwagikia jivuni.

Jambo ambalo wao hawakulijua, na sisi wa mji huu tunalijua tangu utoto, ni kwamba makufuli ya langoni ni ya bei ya chee. Ufunguo mmoja hufungua hata matatu katika kumi.

Wakatembea. Walipita chini ya mnara wa saa, wakatazama vigae vya buluu, Mai Hajran akagombana na muuza halua kwa sababu ya mizani yake. Ghulam Yasin alikuwa na furaha iliyomzidi kimo. Kila aliyepishana naye alitaka kumwonyesha mwanawe. Na Bakhshu, aliyekuwa akilia tangu kwenye basi, sasa alikuwa ametulia begani kwa bibi yake, akitazama nyuma yao, akicheka na kunyoosha mikono.

"Anamchekea nani huyu?" Tasnim akauliza.

"Malaika," Mai Hajran akajibu. "Wewe nawe, mtoto akilia taabu, akicheka taabu."

Tasnim akageuka. Nyuma yao palikuwa na barabara tupu na joto likicheza juu ya lami.

Adhuhuri walirudi kwenye nyumba ya wageni. Ghulam Yasin akatoka kwenda kukodi chungu na kumtafuta mpishi. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, na mji mzima umelala kama unavyolala kila adhuhuri ya kiangazi, saa ambayo mama zetu walitukataza kabisa kutoka nje, wakisema hiyo ni zamu ya wengine. Tasnim akamtolea Bakhshu ziwa. Mtoto akaligeuzia uso. Akampa la pili. Akafumba midomo, akalisukuma kwa mkono, kwa upole, kama mgeni aliyeshiba anavyosukuma sahani.

"Hataki, mama."

"Joto hilo. Mlaze, akiamka atanyonya mpaka ukome."

Wakamlaza kwenye bembea ya kanga iliyofungwa chini ya kitanda cha kamba, pale penye ubaridi. Mai Hajran akajilaza juu, na haikupita dakika akawa anakoroma. Tasnim hakulala. Kifua kilikuwa kimejaa mpaka kinauma. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akijipepea kwa gazeti.

Ndipo akasikia sauti ya kumeza.

Mama yeyote anaijua sauti ile, gubu, gubu, halafu pumzi ya puani, halafu gubu tena, na Tasnim alipoisikia kwanza aliona raha, kwa kuwa kila jioni kwa miezi minane sauti hiyo ndiyo iliyomwambia kwamba mwanawe yu hai na ana nguvu. Kisha akakumbuka kwamba mtoto yuko peke yake kwenye bembea na yeye yuko huku ukutani, akainama polepole kutazama chini ya kitanda, akamwona Bakhshu amelala kwa ubavu, macho nusu wazi, mdomo umefanya duara na mashavu yakiingia na kutoka, mkono wake mdogo ukipapasa hewani kama anavyopapasa kifua cha mamaye, na upande wa pili wa bembea, pasipokuwa na mtu, kanga imezama chini kwa uzito wa mkono uliojiegemeza. Na juu ya hayo yote mtu alikuwa akivuma wimbo wa kubembeleza, puani, taratibu, bila maneno.

Tasnim akatambaa mpaka pale, akamvuta mtoto. Kanga ikapanda juu, nyepesi. Wimbo ukakatika. Bakhshu akaanza kulia kilio cha kunyang'anywa, na kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na tone la maziwa.

"Mama," akanong'ona. "Mama, amka. Amka kwa jina la Mungu."

Mai Hajran akaamka akilalamika, akaacha kulalamika alipouona uso wa mkwewe. Akalipangusa lile tone kwa kidole, akalinusa, akaligusisha ulimi. Huyu mwanamke alikuwa na ulimi mkali, lakini alikuwa amelea watoto tisa, na tangu hapo Tasnim hakumsikia tena akitania.

"Haya si yako," akasema kwa sauti ya chini. "Haya yana jivu. Tasnim, mwanangu, asubuhi ulifungua kufuli la nani?"

Bawabu wa kaburi lile ni mzee Wasaya, mtu wa hasira za karibu. Walipomfikia alasiri, Ghulam Yasin akihema kwa kukimbia, alikuwa amekaa kivulini akinywa chai kwa kisahani.

"Tundu la ufunguo lilitazama juu au chini?" akauliza hata kabla hawajamaliza.

"Juu," Tasnim akasema.

Mzee akakiweka kisahani chini. "Huko Layyah hamna macho? La tundu chini ni la kuomba. La tundu juu ni la kufunga! Anayeletwa hapa na shetani kichwani, shetani wake tunamfungia mle ndani kwa kufuli la kichwa chini, na ufunguo tunautupa kisimani. Hili lako nililifunga kwa mkono huu nikiwa sina mvi hata moja."

"Tusamehe, baba mzee," Ghulam Yasin akasema. "Mke wangu alikosea. Tuambie ni nani, na anataka nini."

Wasaya akamtazama mtoto muda mrefu. Hasira zikamtoka.

"Ni jini wa kike. Alifiwa na mwanawe, huko kwao, lini sijui. Mungu hajamwondolea maziwa. Si mbaya, na huo ndio ubaya wake: angekuwa mbaya ningemfukuza kwa fimbo. Anawapenda. Mtoto akimnyonya siku tatu, hatanyonya tena kwa mama yake wala hatakula cha mkono wa mtu, na akija kumkosa huyo, atakufa kwa njaa mbele ya chakula. Nimezika wawili."

"Basi mfukuze leo!" Mai Hajran akasema.

"Bibi, mjukuu wako ameshanyonya. Kwa sheria yetu hata tone moja ni ziwa, na aliyekupa ziwa ni mama yako. Nimfukuze mama kwa mwanawe kwa haki gani? Naweza kumfunga tu. Na atafungwa na yule yule aliyemfungua. Kesho, jua likisimama utosini."

Usiku ule walipokezana mtoto mikononi mpaka alfajiri, na asubuhi hakunyonya.

Ijumaa, kabla ya watu kuja kwenye sala, Wasaya akafunga lango. Ua ulikuwa unawaka. Hata njiwa walikuwa wamejificha. Akatandika mkeka mbele ya wavu. Chini ya wavu ule pana uwazi wa kama shibiri moja na nusu, ambao mzee hupitishia ufagio wake mrefu kufagia makaburi ya ndani. Akamweka Bakhshu pale, akamkabidhi Tasnim lile kufuli la jana likiwa wazi pamoja na ule ufunguo, akamkalisha hatua nne nyuma.

"Sikiliza, binti yangu. Atakuja kumnyonyesha. Mwache. Huwezi kumfunga mtoto akiwa ziwani, utamfunga naye. Sharti mtoto aachie mwenyewe, aje kwako kwa hiari. Wewe utamwita. Akikugusa, mbebe, simama, funga, nipe ufunguo. Na macho ufumbe tangu mwanzo mpaka kufuli lilie. Mama hawatazamani katika jambo hili. Mwenzako akiona macho yako hatamwachia kamwe."

"Na ninyi?"

"Sisi tutatazama ukuta."

"Baba Bakhshu," Tasnim akamwita mumewe, "nikishindwa je?"

"Hutashindwa," Ghulam Yasin akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi. "Wewe ndiye mama yake. Atakujua."

Tasnim akafumba macho.

Kwanza ikaja harufu, maziwa na jivu. Kisha mkeka ukalia, kama mtu mzima aliyekaa chini kwa uangalifu asimwamshe mtoto. Kisha ule wimbo wa puani. Na hatimaye, gubu, gubu.

"Bakhshu," akaita. "Njoo, baba. Njoo kwa mama."

Gubu, gubu.

Akaita kwa majina yote ya kumdekeza aliyokuwa nayo, akampigia makofi kama anavyompigia nyumbani akitaka atambae, akaimba, na kifua chake kikajibu kikaanza kuvuja mpaka nguo ikalowa. Akamweleza mtoto wa miezi minane mambo ambayo hajawahi kumweleza mtu mzima, kwamba miaka saba alikuwa akikunja nguo ndogo za watoto wa wenzake na kuzinusa wasipomwona, kwamba walimwita mti mkavu mbele za watu na yeye akawapakulia chakula, kwamba yeye hana mtoto mwingine na huenda hatapata mwingine, na kwamba huyo aliye naye sasa anampenda, ndiyo, hakatai, anamsikia anavyompenda, lakini mtoto wa watu hata umpende vipi ni wa watu. Na alipofika hapo akagundua kwamba hasemi tena na mtoto, anasema na yule mwingine, mama kwa mama, na kwamba wimbo umenyamaza na kuna anayemsikiliza.

Kumeza kukakoma.

Kwa muda hakusikia kitu. Kisha kitu kikaburutwa mkekani. Magoti madogo, viganja vidogo, vikipigapiga: pa, pa, pa. Vilikuja, vikasita, vikawa kama vinarudi, vikaja tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tasnim aliuma mdomo mpaka ukatoka damu, lakini macho hakuyafumbua. Mkono mdogo wenye unyevu ukamshika goti.

Akambeba, akasimama, akapapasa chuma, akalipachika kufuli kichwa chini, akalibana. Likalia. Akazungusha ufunguo, akautoa, na Wasaya akauchukua, akaenda nao mbio mpaka kisimani. Wakausikia ukigonga maji.

"Alhamdulillahi," Mai Hajran akasema, akakaa chini.

Hapo ndipo mtoto alipolia ndani ya wavu.

Hakikuwa kilio cha jini wala cha paka. Kilikuwa kile cha Bakhshu, kinachoanza kwa kwikwi mbili na kupanda ghafla. Tasnim akamtazama aliye mikononi mwake. Nywele zile zile. Hirizi ile ile shingoni, na doa dogo la kuzaliwa nyuma ya sikio. Alikuwa kimya. Alikuwa akimtazama usoni kwa makini sana, kama mtu anayejifunza njia.

"Usigeuke!" Wasaya akapiga kelele. "Nilikwambia utasikia mambo."

"Hukuniambia," Tasnim akasema. "Hukuniambia hata kidogo."

"Basi nakwambia sasa. Ni hila yake."

"Yule ni mwanangu analia."

"Mwanao si huyu hapa, mikononi mwako?" Ghulam Yasin akamshika mabega. "Mtazame, mama Bakhshu. Mtazame!"

Alikwisha kumtazama. Akarudi kwenye wavu, akachungulia, akaona giza na makaburi matatu. Mzee akaingiza ufagio wake chini, akafagia kona hadi kona mbele yao, haukugusa kitu. Kilio kiliendelea, kikichoka, kikigeuka kile cha mtoto anayejinyamazisha mwenyewe kwa kukosa mtu. Mtoto wa mikononi akaufukua mtandio, akalipata ziwa, akanyonya kwa nguvu za siku mbili. Kila mtu alimwambia Tasnim: unaona? Naye alitaka kuona. Mungu ni shahidi, alitaka kwa moyo wake wote.

Walimnyoa baada ya sala. Watoto wote hulia wembe ukiwagusa utosini. Huyu hakulia. Mai Hajran alizipokea nywele kwenye kitambaa, akazitazama, akazinusa, akampa mwanawe kitambaa. Tangu siku ile hakumbusu tena mjukuu wake. Akiulizwa husema ni meno, yanamuuma.

Bakhshu sasa ana miaka sita. Ni mtoto mzuri, anasoma, anakula kila anachopewa. Ghulam Yasin anampenda kama alivyompenda tangu mwanzo. Tasnim pia anampenda, anamwogesha, anamfunga vifungo vya sare ya shule, na huyo mtoto hajamfanyia lolote baya. Ila maziwa yake hayajakauka. Daktari wa Layyah alimpa vidonge, akabadilisha vidonge, akaacha.

Kila mwaka, mwezi wa sita, Tasnim huja kwetu Multan peke yake. Nimemwona mimi, na si mara moja. Huingia kaburini jua likisimama utosini, wakati hakuna mtu ila mzee Wasaya, ambaye humgeuzia mgongo na kujishughulisha na chai yake. Huenda kwenye kona, hukaa chini, hujifunika shuka kuanzia kichwani, hujiegemeza kifua kwenye wavu mahali ambapo kuna kufuli la kichwa chini, na hukaa hivyo kama robo saa, akivuma kitu puani. Akiinuka kifua chake huwa chepesi, na kwenye nguo yake hakuna hata tone.